Kito Ndani ya Chupa ya Chai

Kila Luan Zhenhai alipokwenda baharini, Mwalimu Xin Peizhen alimpikia jiaozi, zile sambusa zao za kuchemsha. Na kila aliporudi, alimpikia tambi. Hiyo ndiyo desturi ya Qingdao na kaskazini kote: anayeondoka hula jiaozi, anayewasili hula tambi, na mtu mzima akikosea hapo ataulizwa alilelewa na nani. Lakini desturi hiyo ni ya watu wa nyumba moja, mama kwa mwanawe, mke kwa mumewe. Sasa hawa wawili walikuwa na nini? Ukimwuliza Luan atakwambia, "Mfanyakazi mwenzangu huyo." Ukimwuliza Mwalimu Xin atakwambia, "Maskini, kafiwa na mke, nani mwingine atampikia?" Haya. Mpishi wa meli, Sui Dachuan, ambaye ulimi wake haukufungika hata matangani, alikuwa akisema penzi ni kikohozi, halifichiki, na wale wawili wana kifua kikuu.

Luan alikuwa mtu wa nyavu. Meli ya utafiti ilipofika juu ya mlima wa chini ya bahari, huko Pasifiki ya mbali ambako juu ya maji huoni hata jiwe la ndege kutua, yeye ndiye aliyeshusha wavu laini kama chandarua mpaka kwenye giza, akaupandisha kwa winchi, akaukosha kwa mpira wa maji, akakinga vijinyama kwenye kikombe cha mkiani mwa wavu, akavitia chupani, akamimina fomalini visioze, akafunga. Vingi vyao havifiki punje ya mchele. Viko vyenye pembe, viko vyenye mabawa, viko vyenye macho makubwa kuliko adabu. Chupa hizo zilisafiri mpaka Qingdao, ghorofa ya tatu, kwa Mwalimu Xin, aliyekaa mbele ya hadubini tangu nywele zake zikiwa nyeusi, akivitenga kimoja kimoja kwa sindano na kuvipa majina.

Yeye mwenyewe baharini hakwenda. Moyo ulimchafuka hata kwenye kivuko cha Huangdao, na siku moja walipomlazimisha kupanda meli ya utafiti alitapika kabla kamba hazijafunguliwa. Hivyo mlima ule aliujua kwa chupa tu. Lakini aliujua! Mtu anavyoijua nyumba ya jirani kwa takataka zake.

"Sikiliza, Mzee Luan," alimwambia mwaka fulani, Luan alipolalamika kwamba chupa za juu ya kilele hazijai. "Bahari kubwa ni jangwa. Halafu mlima unasimama pale, maji yanagonga ubavu wake, yanapanda na chakula, na ghafla aina kwa aina zinajazana kama sokoni. Sasa hivi vijinyama usiku vinapanda kula, alfajiri vinashuka kulala gizani. Kile kilichosukumwa na mkondo mpaka juu ya kilele kikishuka kinagonga jiwe. Njia ya nyumbani imezibwa. Na samaki wamekaa hapo hapo, midomo wazi. Ndiyo maana kileleni aina ni chache, ubavuni ni tele."

"Kumbe! Mimi nilidhani wavu umetoboka."

"Najua. Umeshona kila mahali ambapo hapakutoboka."

Luan alicheka wiki nzima peke yake kwa neno hilo. Hapo ndipo kikohozi kilipoanza, ukitaka kujua.

Sasa ikaja safari ya mwisho. Ya mwisho kwa sababu Mwalimu Xin alikuwa anastaafu, na dada yake mkubwa aliyekaa Kunming alikwisha kumwandalia chumba chenye dirisha la bustani. Kunming! Ukipanda treni ya kwenda huko unaipa bahari kisogo mpaka uisahau. Jioni ya kumuaga Luan, Mwalimu Xin alipika jiaozi za nguru, kama watu wa pwani yao wanavyozipenda, akamkalisha mezani.

"Kula, zitapoa."

"Nakula."

"Huli, unazikodolea macho tu. Dada kapiga simu tena. Ukisharudi wewe, wiki inayofuata mimi naondoka."

Luan alitafuna polepole. "Kunming hakuna bahari."

"Na bahari ilinifaa nini mimi? Yangu ni ya chupa."

"Hakuna kome wa pilipili."

"Nitakula uyoga."

"Uyoga wa Kunming una sumu."

"Wewe ndiye mwenye sumu. Kula, bwana!"

Wakacheka, kila mmoja akimtazama mwenzake kwa wizi. Mwalimu Xin akaanza kuchezea vijiti vyake.

"Unajua kitu kimoja tu kinachoniuma? Kito." Hilo ndilo jina walilompa, wao wawili, mnyama mmoja bapa kama jani, urefu wake kama ukucha wa mtoto mchanga, jina lake la kitaalamu ni refu kuliko yeye. "Wanasema dume akiwa hai anawaka buluu, buluu ya kukutoa machozi, halafu hayupo, halafu yupo tena. Kwenye fomalini rangi yote inakwenda, anabaki kama gamba la samaki. Nimewataja majina maisha yangu yote kama mwosha maiti, Mzee Luan. Sijamwona hata mmoja akiwaka. Atakayeniletea mmoja aliye hai, nitampikia mpaka nife."

Alisema kwa mzaha, akainuka kuongeza siki. Luan hakucheka.

"Mpaka ufe?"

"Ndiyo, mpaka nife. Nguru huyo nitampa paka sasa, kula!"

Luan alikula, akaaga, akateremka ngazi akiwa ameshapata shauri lake. Kwa muda mrefu alikuwa akitaka kumwambia mwanamke yule neno moja: usiende. Kila lilipofika kooni lilirudi tumboni. Ni mtu wa winchi. Maneno hayakuwa kazi yake. Lakini akija na Kito hai mkononi, Mwalimu Xin atauona ule moto wa buluu, atakumbuka alichoahidi, na hapo hata bubu angeweza kusema. Ndivyo alivyojiambia. Mwanamume akishikwa hivyo, mwache tu.

Melini, kazi ilikuwa ile ile: wavu kileleni, wavu ubavuni, asubuhi na usiku, kisha kulinganisha. Aliyeongoza safari alikuwa Daktari Mou, mwanamke mkali wa kazi lakini laini wa moyo, aliyefundishwa na Mwalimu Xin mwenyewe. Luan alifanya kazi yake yote bila kupunguza, na asubuhi, wengine walipokunywa uji, yeye alikwenda nyuma ya meli na kijiwavu chake cha mkono alichokishona mwenyewe, akifunga mkiani kopo kubwa badala ya kikombe, ili anayeingia asibanwe. Akakivuta taratibu mno, kama anamtoa mtoto majini.

Wa kwanza alitoka amevunjika. Wa pili alikuwa jike, na majike hawawaki, wana macho makubwa tu ya kukushangaa. Akamrudisha majini na kumwomba radhi. Siku zikapita hivyo. Sui Dachuan mpishi akaja kumsimamia kichwani, mwiko mkononi.

"Mzee, nguru wanavuliwa na nyavu kubwa zaidi ya hiyo."

"Nenda kaunguze uji wako."

"Ushaungua. Nataka kujua tu, huyo mchumba unayemvua hapo, mahari yake nini?"

"Sui, nitakutia kwenye fomalini."

Asubuhi moja, juu ya ubavu wa mashariki, bahari imelala shwari, maji ya kopo yaliwaka. Luan alidhani ni jua. Akaligeuza kopo, hamna kitu. Akaligeuza tena, na pale katikati ukaruka mwale wa buluu, ukazimika, ukaruka pembeni, sasa zambarau, ukazimika.

"Daktari! Daktari Mou! Njooni!"

Walikuja mbio wakidhani ameanguka baharini. Wakazunguka kopo vichwa kwa vichwa, na hata Sui aliinama kutazama.

Chombo kilichofaa kumweka kilikuwa kimoja tu, chupa ya chai ya Luan mwenyewe, kwa kuwa inatunza joto lisipande wala kushuka. Chupa hiyo hakuwahi kuachana nayo. Aliimwaga chai, akaikosha mpaka harufu ikaisha, akatia maji ya bahari, akamtia Kito. Tangu hapo akanywa maji ya bomba kwenye bakuli. Kila asubuhi alimbadilishia maji, akampa vipande vya yale madude laini ya maji anayoyala, na kumsemesha.

"Umelalaje? Mimi vibaya. Vumilia kidogo, Qingdao si mbali."

"Leo anasemaje shemeji?" Sui aliuliza kila mara.

"Anasema chumvi umezidisha."

Daktari Mou alimvuta pembeni. "Mzee Luan, hawa hawaishi sana chupani. Usije ukaumia."

"Ataishi."

"Na asipoishi?"

"Ataishi, Daktari. Kuna mtu anamngoja." Na masikio yake yakawa mekundu, mtu mzima yule.

Naam, aliishi. Ubishi wa nani ulimtia nguvu sijui, wa kwake au wa Luan, lakini mlima ulibaki nyuma, maji yakabadilika rangi, ukungu wa Qingdao ukaanza kunusika, na Kito bado anazunguka chupani akiwaka na kuzimika. Asubuhi ya kuingia bandarini Luan alinyoa ndevu, akavaa shati safi. Akafikiri: Mwalimu Xin atamwonaje ndani ya chupa ya bati? Akachukua chupa ya kioo, akamhamisha humo, akaiweka mezani karibu na dirisha ili jua likitoka limkute.

Chupa ya kioo aliipata wapi? Kwenye sanduku la chupa za kazi. Zote sawa, vifuniko sawa.

"Mzee Luan, tuongeze fomalini kabla ya kushusha," Daktari Mou aliita kutoka mlangoni, kama anavyoita kila safari.

"Naam," Luan akajibu, kama anavyojibu kila safari.

Akashika galoni. Chupa zilipangwa mezani. Akaanza upande huu, akimimina kidogo, akifunga, akimimina, akifunga. Akili yake ilikuwa gatini tayari, ikitafuta mwavuli wa Mwalimu Xin kwenye ukungu. Mkono ulikwenda wenyewe. Umekwenda hivyo maisha yake yote, haujawahi kuruka chupa. Mazoea yana taabu! Ulipofika dirishani ulimimina, ukafunga, ukainua chupa kuibandika karatasi ya jina, na hapo ndipo macho yalipoona mkono ulichofanya.

Kito aliwaka mara moja. Kisha akawa gamba la samaki.

Luan hakupiga kelele. Alikaa chini sakafuni, katikati ya masanduku, chupa mapajani, akalia. Nasema alilia, sifichi. Daktari Mou alifika akaelewa kwa mtazamo mmoja, akamshika bega. Sui Dachuan, mtu wa maneno yote, alichukua chupa ya chai tupu, akaenda nayo jikoni, akairudisha imejaa chai moto, akaiweka karibu naye. Akaondoka bila mzaha wowote, na hiyo ndiyo mara ya kwanza.

Gatini Mwalimu Xin alikuwepo na mwavuli wake, mvua hakuna. Alimtazama usoni, hakuuliza. Akampeleka nyumbani, akamwekea tambi za kome kama desturi. Luan hakuzigusa. Alitoa chupa ya kioo mfukoni, akaiweka katikati ya meza.

"Nilikuletea Kito. Akiwa hai. Nimemwua."

"Lini?"

"Leo asubuhi. Mnara wa taa ulishaonekana. Nilimmiminia fomalini pamoja na wenzake. Mkono tu, Mwalimu. Mkono tu."

Mwalimu Xin aliinyanyua chupa dirishani. Mabega yake yakaanza kutikisika. Luan akadhani analia; akaangalia vizuri, anacheka.

"Unanicheka?"

"Nacheka! Na nalia, huoni? Ewe mtu wewe! Umembeba kutoka mlimani mpaka hapa, halafu..." Akajifuta macho kwa kiganja. "Mimi wiki iliyopita nimetia sindano ya kazi kwenye mboga kujaribu kama zimeiva, nikidhani ni kijiti. Tumeharibika sisi. Haya, niambie. Alikuwaje?"

"Sijui kusema."

"Mimi nimekusimulia maiti zako miaka yote hii. Wewe nisimulie mzima mmoja."

Basi Luan akasema. Alisema namna alivyodhani ni jua. Namna buluu ile ilivyokuja bila kutoka mahali, mfano wa mtu anayefungua pazia na kulifunga. Namna alivyokuwa akizunguka akipanda, na ukimkazia macho hayupo, ukikata tamaa yupo. Alisema alivyobishana naye asubuhi juu ya maji ya chumvi, na alivyowaka ile mara ya mwisho. Alisema mpaka tambi zikapoa. Mwalimu Xin alifumba macho, mikono shavuni, akasikiliza.

Alipofumbua aliivuta chupa, akamtazama Kito kwa lenzi ya mkono, kazi ni kazi. "Dume. Wa ubavu wa mashariki. Mlima ule hatukuwa na dume wa aina hii." Akaandika jina kwenye karatasi, akaibandika vizuri. "Asante, Mzee Luan. Sasa nimemwona."

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Luan alifungua mdomo. Lakini alikuja na maiti, na mkono mtupu haulambwi; atadai nini? Akaufunga. Tiketi ya Kunming ilikuwa pale pale kwenye kioo cha kabati, imechomekwa.

Kumuaga msafiri ni zamu ya anayebaki. "Sasa mimi ndiye msafiri," Mwalimu Xin alisema mlangoni kwa sauti ya kujichangamsha. "Safari hii utapika wewe. Jiaozi za nguru. Na usinidhulumu tangawizi."

Siku ilipofika Luan alikwenda sokoni asubuhi, akachagua nguru mwenye macho maangavu, aliyevuliwa jana tu, akanunua tangawizi, vitunguu vya majani, na bia ya kupima kwenye mfuko wa plastiki, kama watu wa Qingdao wanavyoibeba nyumbani. Akampara nguru, akamsaga, akamkoroga kwa upande mmoja kama alivyomwona Mwalimu Xin akifanya. Akakanda unga, akauacha utulie. Kila kitu kilikuwa tayari kwa jiaozi; mkono ulishajua. Ukachukua donge, ukaanza kulisukuma duara.

Luan akausimamisha. Akaukodolea macho mkono wake yeye mwenyewe, pale pale jikoni, unga mpaka kwenye viwiko. "Wewe," akauambia, "leo nakuangalia."

Mwalimu Xin alifika mchana, sanduku la magurudumu likimfuata nyuma, treni yake ni ya jioni. Alikuwa amevaa koti jipya na uso wa mtu asiyelala. Akakaa. Luan akaweka bakuli mbele yake, akafunua.

Mvuke ulipanda. Mwanamke akainama, akatazama, akatazama tena.

"Mzee Luan. Hizi ni tambi."

"Ni tambi."

"Nene kama kamba ya nanga. Lakini tambi." Akamwangalia kwa huruma. "Anayeondoka hula jiaozi. Mkono wako umekosea tena?"

"Ule wa fomalini ulikosea," Luan akasema. Safari hii neno halikurudi tumboni. "Huu haukukosea. Nimeusimamia mwenyewe. Usiende, Peizhen. Njoo, si kwenda. Kito sina, nina tambi hizi tu."

Hakuwahi kumwita kwa jina lake. Mwalimu Xin alishika vijiti, akaviweka, akavishika. Akaonja. Akatafuna kwa muda mrefu, maana kwa kweli zilihitaji meno.

"Nilisema atakayemleta hai nitampikia mpaka nife."

"Ulisema."

"Wewe ulimleta amekufa."

"Ndiyo," Luan akasema, akiangalia meza.

"Basi utanipikia wewe, Zhenhai," akasema, akalivuta bakuli karibu. "Lete siki. Halafu nipe simu nimwambie dada."